Riziki Katika Nchi ya Lugha Ngeni

Tangu kale watu wametoka makwao kwenda kutafuta riziki katika nchi za watu wengine. Wengine walitolewa na njaa, wengine na kodi, wengine na vita, na wengine walisikia tu kwamba ng'ambo ya mto kuna fedha. Aghalabu waliondoka bila kuijua lugha ya huko waendako. Juu ya watu hao husemwa maneno mawili yasiyopatana. Wako wasemao, "Lugha si kitu, jembe halina lugha, na mwenye mikono hafi njaa." Tena wako wasemao, "Asiyejua lugha ya watu asiende kwao, maana atakuwa kama bubu." Kila neno lina kweli ndani yake, walakini hakuna hata moja lililo kweli lote. Wala jambo hili halikatwi kwa kubishana barazani. Lakatwa kwa kuwatazama watu waliopita njia hiyo, nao ni wengi.

Wa kwanza ni wale waliokuja Tanga kwa kazi ya mkonge. Mwaka 1893 Mdachi mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida katika Marekani. Miche 1,000 ilitiwa melini, nayo iliyofika hai pwani ya Tanga ilikuwa 62 tu. Katika hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyofunika nchi kutoka Pangani hata Korogwe na kupita, na katika miaka ya mwanzo ya 1960 Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani, ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kila mwaka. Kazi yote hiyo ilitaka watu, na katika miaka ya 1950 waliokuwa wakifanya kazi ya mkonge walizidi 100,000.

Wenyeji wa pwani wengi hawakuipenda kazi ile, maana walikuwa na minazi yao na mashamba yao, na jani la mkonge lina mwiba kama sindano ya mshona magunia. Basi watu wakatafutwa mbali. Wakaja Waha, na Wabena, na Wangoni, na Wanyamwezi. Na kutoka nje ya mipaka wakaja Wamakonde wa Msumbiji, na Wanyaruanda, na Warundi. Waliandikwa katika ofisi, kila mtu akapewa namba yake, ndiyo maana wakaitwa manamba. Jina hilo lilitumika hata kuwa kama jina la kabila, na watu wengi walisahau kwamba ndani yake mna watu wa lugha kumi na zaidi.

Msomaji na amfikiri Mrundi mmoja, wala si lazima awe na jina, maana walikuwa maelfu. Amefika shambani jioni, na kesho yake alfajiri anapewa panga. Je, anahitaji lugha gani ili afanye kazi? Kwa kweli ni ndogo sana. Anamtazama mwenziwe akikata jani, akikata na mwiba wa ncha, akifunga majani 30 katika tita moja, akipanga matita kando ya reli ndogo ili yachukuliwe hata mashineni, kwenye korona. Siku ya kwanza mikono inatoka damu, siku ya kumi imezoea. Hapo wale wasemao kwamba jembe halina lugha wana haki. Mtu huyu anakula posho yake na anafanya kazi yake, naye hajui kusema hata sentensi moja ya Kiswahili iliyo sawa.

Lakini jioni matita yanahesabiwa, na hapo ndipo mambo yanapogeuka. Kwao Urundi watu husema gatatu, naye asikiapo tatu anaelewa. Husema gatanu, naye asikiapo tano anaelewa. Umunani ni nane, icumi ni kumi. Haya ni ndugu wa tumbo moja. Walakini sita kwao ni gatandatu, saba ni indwi, na tisa ni icenda. Maneno haya matatu ya Kiswahili yametoka kwa Waarabu, naye hajapata kuyasikia tangu azaliwe. Thelathini ndiyo ngumu kupita zote, maana kwao ni mirongo itatu. Na kwa bahati mbaya, thelathini ndiyo hesabu iliyokuwa kubwa katika maisha yake. Tita lilikuwa na majani thelathini, na kipande chake kilikuwa na siku thelathini.

Kipande kilikuwa karatasi iliyogawanywa kwa siku. Kila siku mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa, alitiwa alama. Na alama zilipotimia 30, ndipo alipopata mshahara wake. Sasa tazama neno "mwezi." Mrundi husema ukwezi, basi neno hilo halikumsumbua hata kidogo. Aliambiwa atalipwa kwa mwezi, akaitikia kwa furaha, akijua kwamba mwezi ukiandama na kufa na kuandama tena, fedha yake i tayari. Lakini mwezi wa kipande haukuwa mwezi wa mbinguni. Mtu aliyefanya kazi siku sita katika juma, bila kuugua wala kukosa, alitumia majuma matano kuumaliza. Akishikwa na homa siku nne, au akishindwa kumaliza kipimo chake siku mbili, mwezi wake ulirefuka tena. Hapo mtu aliweza kuona kwamba ameibiwa, na kumbe hakuibiwa. Au aliweza kuibiwa kweli, naye asijue. Neno alilisikia vizuri, lakini jambo lililo ndani ya neno hakulijua. Hili ni la kuangaliwa sana, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba shida ya mgeni ni maneno asiyoyajua. Mara nyingi shida yake ni yale anayodhani kwamba anayajua.

Basi mtu wa namna hii akiwa na shauri, afanyeje? Wahenga walisema kuuliza si ujinga, walakini hawakusema mtu aulize kwa maneno gani. Njia yake ni moja, kumwendea mkalimani. Huenda mkalimani ni mtu wa kwao aliyetangulia kufika, au ni mnyapara mwenyewe. Yule akiwa mwema, mambo husimama vizuri. Akiwa si mwema, yule mgeni amekwisha kuweka mshahara wake, na ugonjwa wake, na heshima yake, mdomoni mwa mtu mwingine. Akisema, "Nimemaliza kazi yangu, mbona sikutiwa alama?" huenda mkalimani akasema, "Bwana, huyu anaomba radhi." Nani atajua? Ndiyo maana haifai kusema kwamba lugha si kitu. Mkono hupata kazi bila lugha. Lakini kazi ikiharibika, mkono hauwezi kujitetea.

Wengi katika watu hao hawakubaki hivyo. Kiswahili walijifunza, wala si katika shule. Walijifunza wakiwa katika foleni ya posho, na dukani, na penye moto jioni, ambapo Mmakonde na Mrundi walitaka kusemezana na hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Kiswahili chao kilikuwa na makosa, nao walichekwa. Watoto wa miji ya pwani waliwaiga njiani wasemapo "mutu" badala ya mtu, na "kitu yangu" badala ya kitu changu. Mchezo huo haukuisha zamani; ungali upo katika shule nyingi hata leo, mwanafunzi mgeni anapofika kutoka nchi ya jirani. Ni mchezo wa ajabu kidogo. Yule anayechekwa ana lugha mbili, moja timamu na moja mbovu. Aghalabu anayemcheka ana moja tu.

Tena cheko lile lilikuwa na hasara iliyo kubwa kuliko aibu. Mtu anayechekwa kila anapofungua kinywa hujifunza kunyamaza, naye akinyamaza hajifunzi lugha, na asipojifunza lugha hurudi kwa mkalimani. Kwa njia hiyo mwenyeji mwenye kucheka husaidia dhuluma asiyoijua.

Katika nchi ya Afrika Kusini mambo yalichukua njia nyingine. Huko machimbo ya dhahabu yalikusanya watu kutoka Msumbiji, na Basuto, na Nyasaland ambayo sasa ni Malawi, na hata Wanyakyusa wa Tanganyika, wengi wao wakiandikwa na chama cha wenye machimbo ambacho watu walikiita Wenela. Wenye machimbo hawakungoja watu wajifunze lugha ya nchi. Walitumia lugha fupi iitwayo Fanagalo, ambayo maneno yake mengi ni ya Kizulu, na mengine ni ya Kiingereza na ya Kikaburu. Mgeni alifundishwa katika siku chache kabla ya kushuka chini. Jina lake lenyewe lina maana kama "fanya hivi."

Haiwezekani kuidharau kabisa. Chini ya ardhi, mahali penye giza na baruti na mawe yanayoanguka, ni heri lugha fupi inayojulikana na wote kuliko lugha nzuri inayojulikana na watu kumi. Bila shaka iliokoa maisha ya watu. Walakini jina lile latosha kuonyesha kasoro yake. Lugha iliyotengenezwa ili mmoja amwambie mwingine "fanya hivi" hujaa amri, nayo ina uhaba wa maswali. Mtu aliweza kuitumia miaka kumi, akarudi kwao na baiskeli na mablanketi, naye hakupata kuzungumza hata siku moja na wenyeji wa nchi aliyoichimba juu ya jambo lolote lililokuwa moyoni mwake. Ujira aliupata. Lakini ni vigumu kusema kwamba alipata kuishi huko.

Na sasa kuna habari nyingine, ambayo yaonekana kuwapinga wote wasemao kwamba asiyejua lugha atakuwa bubu. Ni habari ya watu waliokwenda Oman, nao walikuwa ni wasemaji wa Kiswahili.

Kila msomaji wa tarikhi anajua kwamba Waarabu wa Oman walikaa Unguja na Pemba na mrima miaka mingi, hata Seyyid Said akaufanya mji wa Unguja kuwa makao yake. Watoto wao na wajukuu wao walizaliwa huku, wakanyonya Kiswahili pamoja na maziwa. Wengi waliweza kusoma Kurani kwa sauti nzuri, walakini hawakuweza kuzungumza Kiarabu cha sokoni. Baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 maelfu walikimbia, wakatawanyika katika Mombasa, na Dubai, na Misri, na Uingereza. Oman yenyewe ilikuwa maskini na imefungwa chini ya Sultan Said bin Taimur. Wengi hawakuruhusiwa kuingia, wala hapakuwa na kazi ya kuwavuta.

Tarehe 23 Julai 1970 mwanawe, Sultan Qaboos bin Said, alishika ufalme. Nchi aliyoikuta ilikuwa na shule tatu tu, zote za wavulana, zenye wanafunzi wasiofika 1,000, na njia ya lami yapata kilomita 10. Mafuta ya ardhini yalikuwa yameanza kuuzwa tangu mwaka 1967, basi fedha ilikuwa inaingia, lakini watu waliosoma walikuwa haba sana. Sultan akawaita Waomani wote waliokuwa nchi za nje warudi wakajenge nchi. Wale wa Unguja na wa bara wakaja.

Walifika wakiwa wageni katika nchi ya babu zao. Sokoni mtu alisema maneno mawili ya Kiarabu, la tatu likatoka Kiswahili. Walakini walikuwa wamesoma. Walijua Kiingereza, walijua hesabu, walijua kazi ya uuguzi, na ya ualimu, na ya ukarani, na ya uhandisi. Kampuni ya mafuta ilitumia Kiingereza. Benki zilitumia Kiingereza. Hospitali zilikuwa na madaktari wa nchi nyingi. Basi walipata kazi, tena kazi nzuri, katika mafuta na benki na hospitali na polisi, wakati ambapo wenyeji wengi wenye Kiarabu safi walikuwa bado hawajapata kukaa darasani hata siku moja.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili watalifurahia. Yule Mrundi wa Tanga alishindwa na sita, na saba, na tisa, na thelathini. Mswahili afikapo Maskati, hayo ndiyo yanayompokea mlangoni: sitta, sab'a, tis'a, thalathin. Zile ambazo Mrundi alizielewa mara moja, yaani tatu, nne, tano, nane, kumi, hapa hazimsaidii mtu neno. Dukani atasikia sukari yake, na sabuni yake, na samaki wake, na kahawa yake, yote yamebadilika kidogo tu. Kwa hiyo huona haraka kwamba Kiarabu anakijua. Na hapo tena huingia katika ule mtego wa mwezi wa kipande, kwa sababu kujua majina ya vitu dukani si kujua maneno ya barua ya serikali.

Na kwa kweli hata watu hao waliofanikiwa walilipa kitu. Waliitwa Wazanzibari, na jina hilo halikutamkwa siku zote kwa upole. Wako walioulizwa kama ni Waarabu kweli, ilhali majina ya koo zao yalikuwa ni yale yale ya vijiji vya Oman. Mshahara ulikuwa mkubwa, nyumba ilikuwa nzuri, walakini barazani jioni walikaa wao kwa wao. Ujuzi wa kazi uliwapatia meza ofisini. Kiti katika baraza ya jirani hakikuja kwa ujuzi wa kazi. Kilikuja polepole, na mara nyingi waliokipata ni watoto wao, waliokwenda shule za Kiarabu.

Basi tofauti ya Mrundi wa Tanga na Mzanzibari wa Maskati haikuwa lugha. Wote wawili hawakuijua vema lugha ya wenyeji. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alikuja na mikono tu, na mikono ilikuwa mingi; mwingine alikuja na kazi aliyoisomea, na watu wa kazi hiyo walikuwa wachache. Mwenye ujuzi unaotakiwa husubiriwa mpaka ajifunze kusema. Mwenye mikono tu, asipoelewa, huletwa mwingine. Pia mmoja aliitwa mwana wa nchi na sheria ikamlinda. Mwingine alikuwa namba.

Jambo hili la sheria lisipitwe upesi, maana kuna watu wanaopenda lugha hata wakaiona kuwa dawa ya kila kitu. Siku hizi wasichana na wanawake wengi wa Tanzania, na Kenya, na Uganda huenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Baadhi ya wale wa Tanzania hukuta ndani ya nyumba bibi au babu asemaye Kiswahili safi cha Unguja, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kutakiwa. Na bado, mwaka 1917 ungekuwa wa kulaumiwa kwa mambo kama haya, lakini ulikuwa mwaka 2017 ambapo chama cha Human Rights Watch kilitoa taarifa juu ya wafanyakazi hao katika Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kwamba walinyang'anywa pasi zao, wakafanya kazi saa nyingi bila mapumziko, wakapewa mshahara pungufu au wasipewe kabisa. Kukosa lugha siko kulikowadhulumu. Walidhulumiwa na mtu aliyekuwa na uwezo wa kuwafungia, na sheria iliyowafunga kwa tajiri mmoja.

Lakini hata hapo lugha ina kazi yake, nayo ni kazi ndogo iliyo ya lazima. Mkataba huandikwa. Anayetia kidole gumba katika karatasi asiyoweza kuisoma ametia kidole katika giza. Polisi wa kule huandika kwa Kiarabu, na hakimu huhukumu kwa Kiarabu. Mwanamke aliyetoka mbio usiku, akafika kituoni, hana haja ya Kiarabu cha washairi. Anahitaji kusema jina lake, na jina la mji alikotoka, na maneno manne: pasi yangu, mshahara wangu, miezi mitatu, nataka kurudi. Haya yaweza kufundishwa kwa siku moja kabla mtu hajapanda ndege, tena yafaa kufundishwa kabla ya maneno ya kupiga pasi na kupika wali. Inasikitisha kuona kwamba mara nyingi hufundishwa yale ya kutumikia, na yale ya kudai huachwa, kama walivyoyaacha wale waliotengeneza Fanagalo.

Katika Maskati wale waliofika kijana baada ya mwaka 1970 sasa ni wazee. Wengi wamejifunza Kiarabu, wamekitumia kazini mpaka wakastaafu, na wajukuu wao hukizungumza bila kufikiri. Katika nyumba nyingi bibi huuliza kwa Kiswahili, na mjukuu hujibu kwa Kiarabu, nao huelewana. Lakini bibi akikaa peke yake kuhesabu fedha ya matumizi, huhesabu kwa Kiswahili: moja, mbili, tatu, nne, tano. Afikapo sita, mjukuu aliye chumba cha pili humwelewa.